Bledi ya buldoza inashuka yenyewe? Usikimbilie kufungua silinda

Wakuu, buldoza za zamani bledi (lile koleo la mbele) ikianza kushuka taratibu mafundi wengi wanafungua silinda ya haidroliki inayoipandisha na kuishusha siku hiyohiyo, wanabadilisha sili (pete zinazozuia oili kupita), wanarudisha, na bledi bado inashuka, kumbe tatizo lilikuwa valvu inayoelekeza oili kwenye silinda. Pima kwanza. Egemeza bledi kwenye magogo imara, peleka silinda mpaka mwisho wa mwendo wake, zima injini, cheza na lever hadi presha iishe yote. Kisha fungua hosi ya upande usiopokea presha, ziba hiyo hosi kwa plagi, washa, vuta lever pole pole kuelekea upande uleule wa mwisho. Oili ikitiririka mfululizo kwenye tundu la silinda lililo wazi, sili za pistoni zimekwisha. Haitoki? Angalia valvu. Kama kuna silinda mbili pima kila moja.

Na jamani mkono usipitishe kutafuta uvujaji, oili ya presha inapenya ngozi na mtu anaweza kukatwa kidole, tumia kipande cha kadibodi.

Kabla hujaweka sili mpya pitisha ukucha kwenye rodi (chuma kinachoingia na kutoka kwenye silinda), ukikwama kwenye mkwaruzo au kutu, hiyo sili mpya itachanika tu. Cheki pia pini na bushi (pete zinazoshika pini) za kwenye maungio ya silinda, zikilegea rodi inasukumwa upande na kula sili mapema. Mashine ikilala muda mrefu paka grisi sehemu ya rodi iliyo nje, na filta ya haidroliki ibadilishwe kwa wakati.