Somo: «Run» si kukimbia tu

Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka kisiwa cha Manda Toto, jua la saa nane utosini, wageni wanne ndani ya mashua na mimi nimeshika kana ya usukani. Mama mmoja wa Kiingereza akanyanyua chupa akaniambia, «We've run out of water.» Mimi nilidaka maneno matatu tu: kukimbia, nje, maji. Nikajua chombo kinavuja. Nikampa mwenzangu kana, nikafunua mbao za ngamani, chini kabisa ya chombo, nikachukua upo wa kuchotea na kuanza kufua maji ambayo hayakuwapo. Wageni kuona vile, wakaanza kugombania jaketi za kuokolea. Kumbe yule mama ana kiu.

Shuleni niliambiwa «run» ni kukimbia, nikaandika kwenye daftari, ikaisha. Sasa jioni nafundisha vijana wa mashua na wa hoteli hapa Lamu, na kila kundi jipya naanza na neno hili.

Kwanza mjue ukubwa wake. Katika toleo la pili la kamusi kuu ya Oxford, lililotoka 1989 kwa juzuu 20, neno lililokula nafasi kuliko yote lilikuwa «set». Walipoanza kuandika toleo la tatu, mhariri Peter Gilliver alikaa na «run» zaidi ya miezi tisa, akatoka na maana 645. Hizo ni za kitenzi peke yake. Msitishike. Ninyi mnapiga simu, mnapiga pasi, mnapiga picha, mbizi, kura, hodi, miayo, na upepo wa omo ukiwakabili mnapiga bishi, na katika yote hayo hakuna aliyeumia. Hakuna aliyewahi kukariri orodha ya «piga». Na hii msiikariri.

Hatua ya 1: Toa «kimbia», weka «enda». Wazee wetu husema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ya neno hili ni mwendo usiokatika, miguu au hakuna miguu. Injini «is running»: inakwenda, haijazimwa. Boti za Mokowe «run every day»: zinakwenda kila siku. Njia ya pwani «runs to Shela»: inakwenda hadi Shela, ingawa njia yenyewe haijawahi kuondoka mahali pake. Bomba «is running» maana yake maji yanatoka, na pua vilevile, makamasi yanatoka. Haya ya maji ni ya kale. Mjerumani ana neno «rinnen», ndugu wa damu wa «run», na kwake ni la maji kutiririka. Mashine zilipokuja, Waingereza hawakutafuta neno jipya, walilichukua hilihili wakalitia kwenye mitambo. Mimi naona ndiyo sababu limezaa hivyo.

Hatua ya 2: Tazama kama kitenzi kimebeba mzigo. Sisi tukitaka kusema mtu anakifanya kitu kiende, tunageuza mkia: enda, endesha. Mwingereza mvivu hapa, hageuzi kitu. Anaweka tu jina nyuma ya kitenzi. «The engine runs», injini inakwenda. «He runs the engine», anaiendesha. «She runs a guesthouse», ana nyumba ya wageni na yeye ndiye anayeiendesha. Mgeni akikuuliza «Who runs this boat?», usimwonyeshe kijana anayerukaruka gatini. Anamtaka mwenye kauli. Ukishaiona «-esha» iliyojificha, umemaliza kazi kubwa.

Hatua ya 3: Sikiliza kijineno cha nyuma. Hapa ndipo nilipozama mimi. «Run out of» ni kuishiwa: maji, mafuta, pesa, subira. «Run into» mtu ni kukutana naye bila kutarajia; «run into» ukuta ni kuugonga. «Run away» ni kutoroka, na hapo mbio zipo kweli. «Run over» ni kugonga mtu kwa gari, lakini mkutano ukipita muda wake nao «runs over». Betri «runs down», inakwisha nguvu. Na «we're running late» ni tumechelewa, basi. Kijana wangu mmoja alipoambiwa hivyo alitimua mbio kwenye gati na sanduku la mgeni begani.

Hatua ya 4: Nyakati. Leo «run», jana «ran», na baada ya «have» linarudi «run». Hiyo ndiyo ya kukariri.

Maswali ya wanafunzi

Mhudumu wa chai: Mwalimu, mgeni aliniambia asubuhi «I've got the runs». Nikampongeza, nikamwonyesha njia nzuri ya kukimbilia ufukweni. Akaniangalia vibaya.

Mwanangu, ikija na «the» mbele na «s» nyuma, mtu anaharisha. Anataka choo kilicho karibu, pamoja na maji ya kunywa yenye chumvi na sukari. Kamwombe radhi.

Bi Vikoi: Salaam aleikum. Mteja aliuliza kama rangi za kikoi «will run». Nikamjibu ni nguo, haina miguu. Alicheka lakini hakununua.

Aleikum salaam, bibi. Aliuliza kama rangi itachuja. Nguo ikichuja kwenye beseni na kuchafua nyeupe, Mwingereza husema rangi imekwenda. Mara nyingine mwambie «Wash it alone the first time», atakuamini zaidi ya ukikana.

Kidato cha Nne: Wagombea wa Marekani «run for president», lakini kitabu chetu kimeandika «stand for election». Lipi sahihi?

Yote. Mmarekani hukimbilia kiti, Mwingereza husimama akisubiri kupewa. Sisi Wakenya tuna letu, «vie», na mgeni ukimwambia hilo atakunja uso. Kwenye mtihani fuata kitabu.

Nahodha wa Matondoni: Mwalimu, chombo kupanda mtangani ni «run aground», hilo nalijua tangu utotoni. Je, nikipwelewa? Nalo ni hilohilo?

Hapana, nahodha, na umeuliza swali la maana. Kwenye «run aground» chombo ndicho kilichokuwa kikienda, kikapanda mtanga au mwamba. Ukipwelewa, chombo kimetulia pale ulipokiacha, bahari ndiyo iliyokwenda zake. Sema «The tide left us». Mwenye hoteli akikupigia kuuliza wageni wake wako wapi, tofauti hiyo ni kubwa: la kwanza ni kosa lako, la pili ni la mwezi.

Nahodha wa Matondoni: Hata la pili ni kosa langu, nilipaswa kujua maji yanapwa saa ngapi. Na yule mama wa chupa, alipata maji?

Alipata madafu mawili tulipofika Shela. Nililipa mimi.