Somo: Kuweka uga wa sumaku kwenye mpaka wa superkondakta na semikondakta (naeleza mara ya mwisho)

Wiki hii nimeulizwa mara nne, mara mbili na mtu yuleyule: "Mbona nikiongeza uga wa sumaku grafu yangu haibadiliki?" Grafu yenyewe ni ya upitishaji wa umeme dhidi ya volti, inayotoka kwenye programu. Haya, jibu hili hapa. Mimi hapa Kampala sina mtambo wa kupoza alumini hadi chini ya kelvini 1.2, inapogeuka superkondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani). Nina laptopu na Kwant, maktaba ya Python ya kuigiza elektroni zinavyopita kwenye vifaa vidogo sana.

1. Sakinisha Kwant kwa conda (kisakinishi cha programu). Basi.

2. Chora ukanda: kushoto semikondakta, kulia superkondakta. Nafasi kati ya vituo (nukta za gridi) isizidi nanomita 10, maana kwenye tesla 1 urefu wa sumaku (kipimo cha jinsi uga unavyoathiri wimbi la elektroni) ni kama nanomita 26.

3. Tia uchafu wa nasibu upande wa semikondakta, na kizuizi mpakani. Bila hivyo hakuna kilele cha upitishaji cha kuangalia kwenye grafu.

4. Uga. Hapa nilipoteza wiki tatu, kwa hiyo soma polepole. Elektroni yenye nishati iliyo chini ya pengo (nishati ndogo kabisa ya elektroni moja kukaa ndani ya superkondakta) haiwezi kuingia superkondakta peke yake. Huingia na mwenzake kama jozi, na nyuma hurudi tundu (nafasi iliyoachwa na elektroni). Mwanafizikia Andreev alilieleza hilo mwaka 1964. Bila uga, tundu hufuata nyayo za elektroni, fezi zao (hatua za mawimbi yao) zinafutana, na kilele kinasimama kwenye volti sifuri. Uga ukiingia, njia zinaachana na kilele kinaanguka.

Kwenye programu, uga ni fezi inayoongezwa kila elektroni inaporuka kutoka kituo hadi kituo. Mimi nilimpa tundu fezi ileile ya elektroni. Kosa! Ikiwa H ni jedwali la nishati la elektroni, sehemu ya tundu ni −H*, na hiyo nyota (konjugeti changamano) si pambo: alama ya fezi inageuka, + kuwa −. Andika −t·exp(iφτz)τz, SI −t·exp(iφ)τz (t ni nguvu ya kuruka, φ ni fezi ya uga, τz ni +1 kwa elektroni na −1 kwa tundu). Ukikosea, programu haitalalamika. Grafu itatoka safi, imelingana kushoto na kulia, na kilele hakitatikisika. Niliipeleka yangu kwenye semina nikatangaza kwamba uga hauna athari. Mzee mmoja wa nyuma akauliza swali moja, nikakaa chini.

Namna ya kujikagua: fomula ya mwanafizikia Beenakker ya 1992 inatabiri upitishaji wa volti sifuri kutokana na upenyo (uwezekano wa elektroni kupenya) wa semikondakta na kizuizi chake, lakini pasipo uga tu. Ikiendelea kukubaliana na programu yako kwenye uga mkubwa, alama yako ni mbovu.

Na geji, yaani namna ya kuandika uga B kwa vekta A: elekeza A kwa urefu wa ukanda, −By kwenye semikondakta (y ni kukatiza upana), sifuri ndani ya superkondakta. Ukiiacha A humo ndani bila kugusa fezi ya pengo, umezalisha mkondo ambao hukuuomba.

5. Kokotoa upitishaji: idadi ya njia za wimbi (modi), toa zinazorudi elektroni, jumlisha zinazorudi tundu. Bila uga, uchafu wala kizuizi, chini ya pengo lazima upate maradufu ya kawaida (ya pasipo superkondakta).

MASWALI

— Kaka, haifanyi kazi.
— Nini haifanyi kazi? Ujumbe wa kosa uko wapi?

— Nimefuata yote, kilele hakishuki.
— Hatua ya 4.
— Nimeisoma.
— Isome tena.
— Aa. Niliandika exp(iφ).
— Naam.

— Mwalimu, niko Gulu. Tundu lina chaji kinyume. Mbona halipindi upande wa pili?
— Swali zuri sana, dada. Chaji imegeuka, lakini masi nayo imegeuka, kwa hiyo vyote viwili vinapinda upande mmoja. Uga ukiwa mkali, vinarukaruka kando ya mpaka kwa zamu: elektroni, tundu, elektroni. Ukikosea alama, tundu linapinda kinyume na kurudi kwenye nyayo zilezile. Ndiyo maana kilele chako hakifi. Chora njia hizo kwa penseli, utaona.

— Spini umeisahau?
— Hiyo sumaku ndogo ya ndani ya elektroni? Nimeiacha makusudi. Eneo la mikromita 1 ya mraba linafikia kwanta moja ya fluksi (kipimo cha msingi cha uga unaopita eneo), h/2e, kwenye militesla 2 tu. Kilele hufa mapema, kabla spini haijahesabika. Ukienda tesla 1 na InAs (semikondakta ya indiamu na aseniki), yenye g (jinsi spini inavyoitikia uga) karibu 15, mpasuko wa nishati kati ya spini mbili unafika meV (mili-elektronivolti) 0.87 wakati pengo la alumini ni kama 0.2. Hapo spini ni lazima.

— Jana umeme umekatika, saa tisa za hesabu zimepotea.
— Pole. Hifadhi jibu kwa kila thamani ya uga, usingoje mwisho. Na jaribu kwanza ukanda mwembamba, vituo 40. Usiku ndio upanue.

— Laptopu yangu inachemka lakini.
— Iinue kwa vizibo vinne vya soda, feni ipumue.