Chai nyekundu ya ngai-ngai, kutoka bustanini hadi kwenye glasi

Kwa miaka mingi nilikuwa natupa chai bila kujua. Hapa Lubumbashi mwenye kipande cha udongo nyuma ya nyumba hakosi ngai-ngai, ile mboga yetu ya majani machachu. Majani tunachuma, tunapika na samaki, bukari, yaani ugali, inashuka vizuri. Mvua zikikaribia kwisha mmea unatoa maua, majani yanakuwa magumu, nasi tunaung'oa na kuutupa. Kumbe yale maganda mekundu yanayobaki ua likinyauka ndiyo bissap ya wafanyabiashara wa Senegal na Mali. Misri na Sudani wanaita karkade, Tanzania choya au rozela. Nilikuwa nanunua kwa sashe kitu nilichokitupa mwenyewe mwezi uliotangulia.

Kwanza, angalia ngai-ngai yako. Ziko za aina mbili. Moja ina majani mekundu yaliyoiva kama divai, na maganda yake ni membamba kama karatasi. Hiyo iache kwa mboga. Tunayoitaka mara nyingi ina majani ya kijani na shina jekundu, na maganda yake ni manene, yana maji. Tafuna moja: likikatika kwa mlio na uchachu ukakufumba jicho, ndilo.

Kuchuma. Mmea huu hungoja siku zifupike ndipo utoe maua. Ukiupanda na mvua za Novemba au Desemba, utachuma kuelekea Aprili na Mei, wakati mvua inakata na hewa inaanza kukauka. Utadhani umesoma kalenda ya Katanga. Ua lenyewe linaishi siku moja tu. Hesabu wiki moja hadi siku kumi baada ya hapo, uchume ganda likiwa bado linavunjika kwa vidole. Ukichelewa, linakuwa kama ubao.

Kutoa mbegu. Kazi hii inachosha, sitakudanganya. Kata kitako cha ganda kwa kisu kidogo, kisha sukuma kile kitumba cha mbegu kitokee upande wa pili. Mimi nawaita watoto wa jirani, nawaahidi glasi ya kwanza. Vidole vitakuwa vyekundu hadi kesho yake, na nguo nyeupe usivae.

Kukausha. Osha, tandaza kwenye mkeka kivulini, funika na chandarua safi. Siku tatu hadi tano za kiangazi zinatosha. Ukishika yalie kama majani makavu. Usianike karibu na barabara: lile vumbi jekundu likishaingia kwenye mikunjo halitoki. Na kama shamba lako liko upande ambako upepo unapeleka vumbi la viwanda vya shaba, kwa chai hii tafuta mmea wa mahali pengine. Usishangae pia unapoona kiasi kimepungua: karibu kilo 10 mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu.

Kupika. Chemsha lita mbili za maji peke yake kwenye mbabula, jiko la makaa. Yakitokota, epua, kisha tia konzi mbili kubwa za maganda makavu, ufunike. Dakika kumi na tano zinatosha. Wengi wanakosea hapa: wanayaacha yatokote nusu saa ili rangi ikolee. Rangi inakolea kweli, lakini harufu inakimbia na chai inabaki na ukakasi unaoganda kwenye ulimi.

Sufuria nayo ina maneno yake. Mara ya kwanza nilitumia ile ya alumini ya kusubu, ya kupikia sombe, yaani kisamvu. Nilitia maganda mekundu nikamimina kitu cha zambarau chenye ladha ya msumari. Uchachu unakula alumini, na zile zinazosubiwa kwa vyuma chakavu zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani. Tumia ya enameli isiyobanduka, au ya chuma kisichoshika kutu. Huna? Mimina maji ya moto kwenye jagi la kioo kinachostahimili moto au la udongo, maganda yaloweke humo.

Kuchuja na kutia utamu. Chuja kwa kitambaa ulichokitenga kwa kazi hiyo tu. Tia sukari chai ikiwa bado vuguvugu, na tangawizi iliyopondwa kama kidole gumba. Jani la mchaichai likiwepo, tia. Limao halina kazi, uchachu upo tayari. Joto lile la Oktoba, kabla mvua haijaanguka, ipoze vizuri uone. Munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, naipenda, lakini mimi inaniletea usingizi baadaye.

Kwenye frigo inakaa siku tatu. Umeme ukikatika au huna frigo, pika ya kumaliza siku hiyo hiyo.

Maswali ya wanachama wa kundi letu

*Yaya, nilifuata yote, lakini ilikuwa chachu mno nikatia bikarbonati kidogo kama tunavyofanya kwenye mboga. Imekuwa rangi ya bluu-kijivu. Imeharibika?*

Mdogo wangu, umenichekesha! Rangi ya ngai-ngai hubadilika ikikutana na kitu cha kuua uchachu. Ukitia limao itarudi nyekundu, lakini ladha hairudi sawasawa. Imwage. Safari ijayo ongeza maji.

*Mama yangu ana presha na anameza vidonge. Namsikia kila mtu anasema hii ni dawa.*

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu kwa siku kwa wiki 6, ile namba ya juu ilishuka kama 7. Waliopewa kinywaji cha kuigiza, kama 1. Kwa hiyo inashusha, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi kwa mama: vidonge vinashusha, chai nayo inashusha. Amwulize daktari kabla hajaifanya ya kila siku, na asiache vidonge. Na mwenye mimba namshauri aiache hadi ajifungue.

*Mume wangu anafanya kazi kwenye mgahawa wa Walebanoni. Ameleta unga mwekundu mchachu, wanaita sumaki. Ni ngai-ngai ya kusaga?*

Hapana, mama. Hayo ni matunda ya kichaka cha pande za Mediterania. Wao wanaunyunyiza kwenye saladi na nyama. Kinywaji kinatoka, ila kwa njia nyingine: vijiko viwili vikubwa kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, saa moja, kisha chuja mara mbili kwa kitambaa kizito. Usiuchemshe, utatoa ukakasi. Onja unga kwanza, maana mara nyingi husagwa na chumvi, na limonadi ya chumvi haina mnywaji. Ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho; anayevimba midomo kwa korosho akae mbali.

*Maganda mabichi hayafai? Lazima yakauke?*

Yanafaa sana, tena harufu yake ni ya matunda zaidi. Jaza glasi nne kwa kiasi kile kile cha maji.

*Ngai-ngai yangu ni ile nyekundu ya maganda membamba. Mbegu za hiyo nyingine nazipata wapi?*

Mwenye nayo aache miche miwili bila kuchuma, hadi vitumba vipasuke vyenyewe. Mimi nimeacha mitatu karibu na ukuta. Njoo na karatasi ya kufungia, usilete sashe ya plastiki. Mbegu zikitoka jasho ndani ya sashe zinaota ukungu kabla ya Novemba.