Jinsi ya Kusoma Takwimu za VVU za Mkoa Bila Kupotoshwa na Asilimia

Katika matokeo ya utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI uliofanyika Tanzania mwaka 2022–2023, jicho la msomaji hukimbilia jedwali la mikoa: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, na Zanzibar 0.4. Jedwali hilo ndilo linalonukuliwa zaidi na ndilo linalosomwa vibaya zaidi. Mwongozo huu ni kwa ofisa wa halmashauri, mwandishi wa habari au mjumbe wa kamati ya UKIMWI ya kata ambaye atatakiwa kusimama mbele ya watu na kueleza namba hizo.

Kwanza bainisha namba inapima nini. Asilimia zilizotajwa ni za ushamiri, yaani sehemu ya watu wazima wanaoishi na VVU, wawe waliambukizwa mwaka jana au miaka ishirini iliyopita. Maambukizi mapya ni kipimo kingine kabisa, na kwa nchi nzima yalikadiriwa kuwa kama 60,000 kwa mwaka miongoni mwa watu wazima. Mama aliyeanza kutumia ARV mwaka 2008 na akazimeza bila kukosa bado yumo katika ushamiri wa leo, na ni heri kwamba yumo. Kati ya utafiti wa 2016–2017 na huu wa karibuni, watu wazima wenye VVU ambao virusi vyao vimefubazwa, yaani vimepunguzwa na dawa hadi kiwango cha chini sana mwilini, waliongezeka kutoka takriban asilimia 52 hadi 78, ilhali ushamiri ulishuka kidogo tu, kutoka karibu 5 hadi 4.4. Kinyume chake pia hutokea: ushamiri unaweza kushuka bila hali kuwa njema. Mkoani Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, ushamiri katika mji wa Bukoba ulishuka kutoka asilimia 24 hivi mwaka 1987 hadi 18 mwaka 1993, kabla ARV hazijafika. Sehemu ya kushuka huko ilitokana na watu kubadili mwenendo, na sehemu nyingine ilitokana na vifo.

Kabla ya kulinganisha miaka, hakikisha unalinganisha eneo lile lile na umri ule ule. Mkoa wa Iringa uliripotiwa kuwa na asilimia 15.7 mwaka 2007–2008, kisha 9.1 mwaka 2011–2012, na anayechora mstari kati ya namba hizo mbili ataona muujiza. Kilichotokea ni kwamba Njombe ilikuwa imemegwa kutoka Iringa, na katika utafiti huo wa pili ilihesabiwa peke yake kwa asilimia 14.8. Tafiti hizo za awali, tena, ziliripoti watu wa miaka 15 hadi 49, wakati za karibuni huripoti kuanzia 15 na kuendelea bila kuwaacha wazee.

Angalia pia ukubwa wa sampuli. Tuchukue mfano wa kubuni: mkoani wamepimwa watu 500, na 50 wakakutwa na VVU. Asilimia ni 10, lakini kwa hesabu ya kawaida ushamiri wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 7.4 na 12.6, na upana huo huongezeka kwa kuwa kaya huchaguliwa kwa mafungu ya vitongoji au mitaa. Kwa hiyo tofauti ya pointi moja au mbili kati ya mikoa jirani haitoshi kumtangaza mshindi wala mshindwa.

Takwimu za vituo vya afya zina mtego wake. Kituo kikianza kuwafuatilia wenza wa waliokutwa na VVU, idadi ya majibu chanya kwa kila watu mia wanaopimwa hupanda mara moja, na huo ni ufanisi wa upimaji, haimaanishi kwamba virusi vimeenea zaidi mtaani. Katika mji kama Makambako, ambako barabara ya kwenda Songea huachana na ile ya Mbeya na Iringa, kliniki ya CTC, yaani ya matunzo na matibabu kwa wenye VVU, inaweza kuhudumia madereva, wafanyakazi wa msimu na watu waliokwepa kliniki ya kijijini kwao wasionekane na majirani. Uliza wanakotoka kabla ya kuuandika mji huo vibaya.

Usisahau idadi. Katika sensa ya 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 na Njombe chini ya 900,000, kwa hiyo hata ushamiri wa Dar es Salaam ukiwa theluthi ya ule wa Njombe, wanaohitaji dawa ni wengi takriban mara mbili. Zanzibar nayo, pamoja na asilimia yake ndogo, ina ushamiri mkubwa zaidi miongoni mwa wanaojidunga dawa za kulevya, jambo ambalo wastani wa visiwa vyote hauwezi kulionyesha.

Kwa kuwa sampuli ya mkoa ni ndogo mno kupima maambukizi mapya moja kwa moja, mimi hutazama vijana wa miaka 15 hadi 24, ambao wengi wao wenye VVU wameambukizwa karibuni, kisha hutazama ufubazaji wa virusi kwa wanaume, ambao huwa nyuma ya wanawake.

Hapo ndipo uandike. Badala ya «Maambukizi yapaa Njombe», andika: «Watu wazima wapatao 13 kati ya kila 100 mkoani Njombe wanaishi na VVU, utafiti huu hauonyeshi ni wangapi kati yao walioambukizwa karibuni.»