Namna ya Kuchagua Injini Kubwa Zaidi na Giaboksi kwa Chevrolet Camaro ya 1968

Mwenye Camaro ya 1968 yenye V8 ya inchi za ujazo 327 na giaboksi ya Powerglide, ambayo ni otomatiki ya gia mbili tu, kwa kawaida huanza kwa kutafuta injini. Mimi kama fundi humshauri aanzie nyuma ya gari kuja mbele, kwa sababu nguvu ikiongezwa difu (gia zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma) ndiyo hulemewa mapema, na safari ndefu huharibiwa na gia zisizofaa kuliko udogo wa injini.

Hatua ya 1: Kagua gari kabla ya kununua chochote

Ingia chini ya gari uhesabu bolti za kava la difu. Zikiwa 12, difu ni ile nzito, nayo itahimili mengi. Zikiwa 10, tenga fedha za difu nyingine iwapo unakusudia kuongeza nguvu nyingi. Tazama pia springi za nyuma: zikiwa za jani moja kila upande, jani hilo hujipinda gari linapoondoka kwa kasi, na matairi hurukaruka badala ya kushika lami. Breki za mbele zikiwa za dramu, weka diski kwanza. Kama namba ya injini inalingana na ya chasisi, tafadhali ihifadhi injini hiyo mahali pakavu, kwa kuwa haina mbadala.

Hatua ya 2: Chagua giaboksi

TH350, otomatiki ya gia tatu, yenye mkia mfupi ndiyo rahisi kufunga, kwani hukaa palepale ilipokuwa Powerglide na mara nyingi propela (shafti inayounganisha giaboksi na difu) haibadilishwi. TH400 ni imara zaidi, lakini inadai yoki nyingine (kipande cha mbele cha propela kinachoingia kwenye giaboksi). Hata hivyo, zote mbili hazina ovadraivu, yaani gia ya juu inayopunguza mizunguko ya injini mwendoni. Kwa difu yenye uwiano wa 3.73 (propela huzunguka mara 3.73 gurudumu likizunguka mara moja) na tairi lenye kipenyo cha inchi 26, injini itazunguka takriban mara 3,300 kwa dakika ukiwa kwenye kilomita 110 kwa saa. Ukifunga 700R4, otomatiki ambayo gia yake ya nne ni ovadraivu yenye uwiano wa 0.70, mizunguko hiyo hushuka hadi 2,300 hivi, na gia yake ya kwanza ya 3.06 huliondoa gari kwa nguvu kuliko 2.52 ya TH350. Kwa gari la kutembelea, hiyo ndiyo ninayoipendelea.

700R4 ina sharti moja lisilovumilia uzembe. Kebo inayotoka kwenye kabureta huongoza shinikizo la mafuta ndani ya giaboksi. Kanyaga pedali hadi mwisho na uhakikishe kwamba kebo imevutika yote wakati uleule kabureta inapofunguka yote. Ikilegea, shinikizo hupungua na klachi za ndani huungua mapema.

Hatua ya 3: Chagua injini

V8 ya inchi za ujazo 454 huvutia, lakini huongeza uzito wa kilo 50 hivi au zaidi mbele, na inadai maunti (vishikizo vya injini) na springi zake. LS3, V8 ya kisasa zaidi ya lita 6.2, ni nyepesi na ina nguvu, ila italeta kompyuta, pampu ya petroli ya shinikizo kubwa na sampu (trei ya mafuta chini ya injini) tofauti. Chaguo langu ni V8 ya inchi za ujazo 383: bloku ya injini ya 350 iliyopanuliwa silinda hadi inchi 4.030 na kuwekewa krankishafti yenye mwendo wa pistoni wa inchi 3.75. Huingia kwenye maunti za injini ndogo ya V8, na huvuta vizuri kuanzia mizunguko ya chini. Angalia mwaka wa bloku, kwa sababu kuanzia 1986 sili ya nyuma ya krankishafti ni ya kipande kimoja, na sahani inayounganisha krankishafti na giaboksi haiingiliani na ya zamani.

Hatua ya 4: Pima propela mwisho

700R4 ni ndefu, hivyo kiungo cha chini kinachoibeba husogezwa nyuma na propela hukatwa. Pima gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya matairi, kisha uiachie yoki nafasi ya milimita 20 hadi 25 kabla haijagota ndani ya giaboksi.