Ukikamatwa na Polisi: Kulinda Haki Zako na Kumpata Wakili wa Kukutetea

Mwongozo huu unahusu Tanzania Bara. Mimi ni wakili wa kesi za jinai, na majalada mengi ninayopokea huwa yameshaharibikia kituo cha polisi, kabla ndugu hawajaanza hata kuulizia wakili. Ndiyo maana ninaanzia kituoni.

Hatua ya 1: Uliza kosa, tunza saa. Askari anayekukamata anapaswa kukueleza sababu. Kumbuka saa uliyowekwa chini ya ulinzi, kwa kuwa muda wa msingi wa kukuhoji ni saa 4, na afisa anayesimamia upelelezi anaweza kuongeza saa zisizozidi 8. Wakihitaji zaidi, waombe mahakamani. Mahakama ya Rufani imeyaondoa kwenye kumbukumbu maelezo mengi yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila sababu ya kuridhisha.

Hatua ya 2: Omba kuwasiliana na mtu kwa kumtaja jina. Unayo haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ukikataliwa, kariri jina la askari na saa.

Hatua ya 3: Kuwa makini na maelezo ya onyo, yaani maelezo yako ambayo polisi huyaandika baada ya kukuonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yako. Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa. Sheria ya Ushahidi inaruhusu maungamo yaliyotolewa kwa hiari mbele ya polisi kutumika dhidi yako, kwa hiyo usidhani kwamba utayakana kirahisi baadaye. Mbali na jina na anwani yako, hulazimiki kujibu swali lolote. Ukiamua kueleza, soma kila ukurasa kabla ya kutia saini au dole gumba. Kama hujui kusoma, dai usomewe neno kwa neno. Angalia saa ya kuanza na ya kumaliza iliyoandikwa, na kama kuna sentensi usiyoisema, taka irekebishwe hapo hapo. Ukipigwa au kutishwa, mweleze hakimu siku ya kwanza unapofikishwa mbele yake, na wakili wako aambiwe mapema ili apinge maelezo hayo pale upande wa mashtaka utakapoomba yapokelewe kama kielelezo. Akinyamaza wakati huo, ni vigumu sana kulirudisha jambo hilo kwenye rufaa.

Hatua ya 4: Dhamana. Dhamana ya polisi haina malipo. Kwa makosa kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha, sheria hairuhusu dhamana, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikubali kifungu hicho kibaki. Anayekuomba fedha ili "akutolee" dhamana ya kosa la aina hiyo anakuibia.

Hatua ya 5: Mchague wakili. Vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakili, hujazana nje ya mahakama, hasa siku za Jumatatu, wakiwinda familia zenye hofu. Chukua jina kamili na namba ya uwakili, kisha ihakiki katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaoonyesha kama mhusika anaruhusiwa kufanya kazi. Kisha kaa naye umuulize: amewahi kuendesha kesi ya kosa kama hili hadi hukumu? Ni yeye atakayesimama mahakamani, au atamtuma mwenzake? Amesoma hati ya mashtaka, au anabahatisha? Wakili mzuri atakueleza pia udhaifu wa upande wako. Anayekuhakikishia ushindi, au anayesema atamaliza mambo na hakimu, muache hata kama bei yake ni nafuu. Makubaliano ya ada yaandikwe, yakionyesha kama yanahusu kesi ya awali tu au na rufaa pia, na kila malipo yawe na risiti.

Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwa kesi za mauaji zinazosikilizwa Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na wakili hupangiwa mmoja kwa gharama za Serikali. Dai nafasi ya kuzungumza naye faragha kabla ya siku ya kusikilizwa.

Hatua ya 6: Ukitiwa hatiani. Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Omba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi kwa maandishi siku hiyo hiyo. Aliye gerezani atoe notisi yake kupitia mkuu wa gereza.