Insha ya hoja kuhusu historia ya Marekani: tujifunze kwa swali la nani aliyekomesha utumwa

Insha nyingi za historia ninazosahihisha huanguka palepale: mwanafunzi anasimulia badala ya kujenga hoja. Vita vipo, tarehe zipo, ila nikimaliza kusoma sijui anataka nikubali nini. Tuchukue swali moja tulitembeze hadi mwisho: nani aliyekomesha utumwa Marekani? Ni swali la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kati ya Muungano, yaani serikali ya Marekani chini ya Rais Lincoln, na majimbo ya Kusini yaliyoasi na kujitenga.

Hatua ya 1: Tunga dai linaloweza kupingwa

"Abraham Lincoln alikuwa rais muhimu" si dai, maana hakuna wa kukubishia. Jaribu hivi: "Ingawa Lincoln ndiye aliyetia saini Tangazo la Ukombozi, watumwa waliotoroka ndio walioisukuma serikali yake igeuze vita vya kulinda Muungano kuwa vita vya kukomesha utumwa." Hilo "ingawa" lina kazi kubwa: linakubali ukweli wa upande wa pili mapema. Liandike dai kwenye kikaratasi ulibandike mbele yako. Aya isiyolisaidia, ifute, hata kama uliipenda.

Hatua ya 2: Tafuta ushahidi wa wakati wenyewe

Barua, sheria na amri za siku zile zina uzito kuliko maoni ya leo. Kwa dai letu, anzia Fort Monroe, ngome ya Muungano huko Virginia, Mei 1861. Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, watumwa waliokuwa wakijengeshwa ngome ya waasi, walitorokea kwa jeshi la Muungano. Mjumbe wa bwana wao alipokuja kuwadai, Jenerali Benjamin Butler, mwanasheria kabla ya vita, alikataa: Virginia imejitenga, basi haiwezi kudai haki kwa sheria za Marekani, hawa ni mali ya adui iliyotekwa vitani. Kuwaita watu mali kunaudhi, lakini mlango ulifunguka. Agosti mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuwanyang'anya waasi watumwa waliotumikishwa vitani.

Angalia mfuatano: watu wanatoroka, jeshi linajibu, sheria inafuata. Mfuatano huo ndio hoja yako.

Hatua ya 3: Aya moja, hoja moja

Taja hoja, weka ushahidi, kisha eleza ushahidi huo unathibitisha nini. Hilo la mwisho ndilo wengi huliruka.

Hatua ya 4: Mpe mpinzani silaha yake bora

Hapa ndipo alama zilipo. Mpinzani hodari atasema: bila amri ya rais, waliotoroka wangebaki mateka tu. Tangazo la Ukombozi la Januari 1, 1863, lililowatangaza huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, liligusa zaidi ya watu milioni 3 na kuruhusu Weusi kuingia jeshini. Usimkwepe. Jibu kwamba tangazo lilihitaji miguu ya watu: lilipata nguvu pale watumwa walipokimbilia majeshi ya Muungano au majeshi yalipowafikia, na Weusi wapatao 180,000 walijiunga na jeshi hilo. Kentucky, Maryland, Missouri na Delaware, majimbo ya utumwa yaliyobaki ndani ya Muungano, hayakuguswa kabisa; utumwa ulipigwa marufuku nchi nzima kwa Marekebisho ya 13 ya Katiba, Desemba 1865.

Kuna mtego mmoja. Wanafunzi hupenda barua ya Lincoln kwa mhariri wa gazeti Horace Greeley ya Agosti 1862, anaposema kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano bila kumwachia huru mtumwa yeyote, angefanya hivyo. Wanaishia hapo. Hawasemi kwamba mwezi mmoja kabla alikuwa amekwisha kuwasomea mawaziri wake rasimu ya tangazo. Ukinukuu barua hiyo bila Julai, msahihishaji anayeijua historia hatakuamini tena.

Hatua ya 5: Safisha lugha, kisha andika utangulizi

Ondoa "mimi naona" na "kama tujuavyo". Badala ya "watu wengi walitoroka", sema ni nani, wapi, lini. Utangulizi uandike mwisho, ukishajua umethibitisha nini, na usianzie kwa Columbus. Anzia na wale watatu langoni Fort Monroe.